Ukiletewa makala ya falsafa ya maadili uipitie

Barua ya mhariri huwa fupi. Ina kichwa cha makala, ikisiri (muhtasari) ya aya moja, na ombi kwamba uisome na kurudisha maoni ndani ya wiki kadhaa. Jina la mwandishi halimo. Barua ya kwanza ya aina hii humkuta mtu ndiyo kwanza ametoka kutetea tasnifu yake, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwonyesha kazi yenyewe inafanywaje. Watu huiokota njiani, wengine kwa kuiga ripoti mbovu walizoandikiwa wao.

Mimi nafundisha falsafa ya maadili, na eneo langu hasa ni wajibu wa kuokoa: nani anadaiwa msaada, anadaiwa na nani, na gharama ifike wapi ndipo mtu asamehewe. Hapa naeleza ninavyozipitia makala za wenzangu kabla hazijachapishwa, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa uzamivu. Nina shikilio moja: mpitiaji anapima kama hoja inafika inakosema inakwenda. Kama yeye mwenyewe angependa kwenda huko, hiyo ni habari nyingine.

Kabla ya kusema ndiyo

Soma ikisiri ujiulize: naujua mjadala huu kiasi cha kuona pengo likiwepo? Huhitaji kuwa bingwa. Anayefanyia kazi haki za wagonjwa anaweza kuipitia vizuri makala ya ridhaa katika utafiti wa tiba. Akiletewa makala ya metafizikia ya sifa za kimaadili, yaani inayouliza wema na ubaya ni vitu vya aina gani, afadhali aikatae. Swali la pili ni gumu zaidi: nina sababu yoyote ya kutaka makala hii ishinde, au ianguke? Ikiwa inakupinga wewe kwa jina, mwambie mhariri. Huenda akakwambia uendelee tu, kwa kuwa anayepingwa anaujua mjadala, lakini ataisoma ripoti yako akijua imetoka wapi. Ikiwa uliisikia ikiwasilishwa kwenye kongamano na mwandishi unamfahamu, mwambie pia.

Usikitafute kichwa cha makala mtandaoni. Majarida mengi ya falsafa humficha mwandishi kwa mpitiaji na mpitiaji kwa mwandishi, na baadhi humficha mwandishi hata kwa mhariri anayeamua. Mpango wote huo unategemea wewe kutochungulia, na ukichungulia hakuna atakayejua. Wapo watakaosema mtaalamu wa maadili haambiwi jambo kama hili. Mwaka 2014 wanafalsafa Eric Schwitzgebel na Joshua Rust walichapisha utafiti uliowalinganisha maprofesa wa maadili na maprofesa wengine katika mambo kama kula nyama, kuchangia misaada na kujibu barua pepe za wanafunzi. Kwa jumla hawakuona kwamba wa maadili wanatenda vizuri kuliko wenzao. Kwa hiyo tuambiane tu.

Huna nafasi? Kataa siku hiyo hiyo, na upendekeze majina mawili ya watu wanaoweza. Mhariri atakushukuru. Linaloumiza ni kukubali halafu ukanyamaza miezi, huku upande wa pili yuko mtu anayesubiri jibu moja ili aliandike kwenye wasifu wake aombe kazi.

Malipo hakuna, na hili linawakera wengi, nami nimo. Mwaka 2024 wahariri wa Philosophy & Public Affairs, jarida lililoanza 1971, walijiuzulu kwa pamoja na kutangaza jarida jipya lisilomtoza msomaji wala mwandishi, kwa kuona kwamba maslahi ya mchapishaji wa kibiashara hayaendi na kazi ya kitaaluma. Unaweza kuchagua utamfanyia nani kazi ya bure. Lakini kila makala unayotuma wewe inakula muda wa watu wawili au zaidi, na deni hilo linalipwa kwa kuzipitia za wengine.

Kuisoma

Mara ya kwanza naisoma mfululizo bila kalamu. Makala ya kawaida ina maneno kama 8,000 hadi 10,000, kwa hiyo inamalizika kwa kikao kimoja. Nikimaliza naifunga na kuandika sentensi moja inayosema makala inadai nini. “Inazungumzia wajibu wa kuokoa” haitoshi, hiyo ni mada. “Inadai kwamba aliyeokoa mmoja pale alipoweza kuokoa wawili hajamkosea mtu” ndilo dai. Sentensi hiyo ikinishinda baada ya kurasa zote zile, basi kushindwa huko ndiko jambo la kwanza litakaloingia kwenye ripoti.

Mara ya pili nashika kalamu na kuichomoa hoja kutoka kwenye maelezo: kauli tangulizi, yaani zile zinazolibeba hitimisho, moja moja, kisha hitimisho lenyewe. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo ngoja niionyeshe.

Mwaka 2017 mwanafalsafa Joe Horton aliweka mezani fumbo lifuatalo. Watoto wawili wako karibu kupondwa na jengo linaloporomoka. Unaweza kukaa pembeni. Unaweza kuingia ukaokoa mmoja, na mikono yako ikasagika. Au unaweza kuingia ukaokoa wote wawili, na mikono ikasagika vile vile. Wengi wetu tunaona kukaa pembeni kunaruhusiwa, maana gharama ni kubwa mno. Tunaona pia kwamba kuingia na kuokoa mmoja tu ni kosa, kwa sababu wa pili angeokoka bila gharama ya ziada. Sasa mtu ambaye hayuko tayari kuokoa wote wawili tumwambie nini? Njia moja inaruhusiwa, nyingine ni kosa. Inaelekea tumwambie akae pembeni, watoto wote wafe. Hakuna anayetaka kufika huko.

Tuseme umeletewa makala inayolifumbua kwa kukana kwamba kuokoa mmoja ni kosa. Ukishaondoa utangulizi, mapitio ya maandishi na mifano, hoja yake inabaki hivi. Kwanza, mtu aliyeruhusiwa kukaa pembeni hana deni kwa mtoto yeyote. Pili, kumkosea mtu ni kutomtimizia unachodaiwa naye. Kwa hiyo aliyeokoa mmoja hajamkosea yule wa pili. Pengine ana kasoro ya tabia, lakini kosa hakutenda.

Kimantiki hitimisho linafuata. Ukitaka kuipima, rudi kwenye kila kauli uulize inamaanisha nini hasa, na kama inabaki na maana ile ile mpaka mwisho. “Hana deni” inasomeka kwa njia mbili. Yawezekana deni halipo kabisa. Yawezekana pia deni lipo, ila gharama ya mikono inamsamehe asililipe. Tofauti hiyo inaweza kupita bila kuonekana katika kurasa 25, lakini ndiyo inayobeba makala nzima. Kama deni lipo na kinachosamehe ni gharama, basi mtu akishakubali kupoteza mikono, kwa mtoto wa pili hana tena cha kujitetea nacho. Na kisa chenyewe kinaelekea upande huu: iondoe ile gharama ya mikono, uone kama yuko atakayesema kukaa pembeni kunaruhusiwa.

Umelipata pengo. Usikimbilie kuandika “ikataliwe”. Jiulize kwanza kama wewe, ukiwa ndiye mwandishi, ungeweza kuliziba. Pengine angesema gharama kubwa haisamehi deni bali hulizuia lisizaliwe tangu mwanzo. Hilo ni jibu halali, ingawa linamtaka aeleze kwa nini gharama iliyokwisha kukubaliwa iendelee kulizuia deni la mtoto wa pili. Ukimwandikia hivyo umempa kazi inayofanyika. Ukimwandikia kwamba hoja “haishawishi”, hana pa kuanzia.

Kabla hujalishangilia pengo, tafuta kama mwandishi ameshalijibu kwenye kurasa za mbele. Mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson, katika makala yake ya 1971 kuhusu kutoa mimba, alianza na mtu aliyetekwa akaamka ameunganishwa na mpiga fidla mgonjwa anayehitaji figo zake kwa miezi 9. Pingamizi linalomjia kila msomaji ni kwamba mfano huo unamhusu aliyebakwa tu, kwa kuwa aliyetekwa hakuridhia. Thomson alilijua pingamizi hilo, na baadaye katika makala hiyo hiyo ana mifano mingine inayolishughulikia. Unaweza kusema mifano hiyo haitoshi, lakini ripoti isiyoigusa inaonyesha tu kwamba mpitiaji aliishia njiani. Mimi nina kawaida ya kutafuta kwenye mswada neno kuu la kila pingamizi langu kabla ya kuliandika.

Jambo jingine la kutazama ni kanuni zenye ukali wa viwango viwili. Mwanafalsafa Peter Singer mwaka 1972 alitoa kanuni yake ya wajibu wa kusaidia kwa sura mbili. Kali inasema tuzuie baya tunaloweza kulizuia bila kupoteza kitu chenye uzito wa kimaadili unaolingana nalo. Ya wastani inasema bila kupoteza kitu chochote chenye uzito wa kimaadili. Alizitenganisha waziwazi na kusema ni ipi inafanya kazi gani. Miswada mingi haifanyi hivyo: inatetea ile ya wastani, ambayo ni rahisi kuikubali, halafu inavuna matunda ya ile kali. Weka alama kila mahali kanuni inapotajwa, kisha soma alama zako peke yake.

Mifano ya kubuni na hisia zako

Falsafa ya maadili hupima kanuni kwa visa vya kubuni, na mpitiaji huzipima hoja za mwandishi kwa visa vyake mwenyewe. Hilo linaruhusiwa, lakini uwe mwangalifu. Chukua kisa cha tramu, gari la reli lisiloweza kusimamishwa. Mwanafalsafa Philippa Foot alikileta mwaka 1967, dereva akiwa na uchaguzi wa kuua watano au kuelekeza chombo kwa mmoja. Thomson alikiendeleza mwaka 1976 na tena 1985, safari hii mpita njia akiwa karibu na swichi ya kuihamisha tramu kwenye reli nyingine, na ikawa kama ada kusema kwamba mpita njia anaruhusiwa kuigeuza. Mwaka 2008 Thomson huyo huyo alichapisha hoja kwamba hapana, haruhusiwi: kama yeye mwenyewe hayuko tayari kuuawa ili watano waokoke, hana haki ya kumlipisha mwingine gharama hiyo. Mpitiaji wa kuandika “kila mtu anajua kwamba swichi inageuzwa” angemkataa mtu aliyesaidia kuujenga mjadala wenyewe.

Kwa hiyo kisa kinapokwenda kinyume na kauli ya mwandishi, ninaandika ni nini ndani ya kisa hicho kinachoisumbua kauli yake. Hisia peke yake siiandiki. Mwandishi anayejua sababu ya hisia yangu anaweza kuijibu. Nikimwambia tu kwamba hitimisho lake halikubaliki, nimempigia kura ya hapana bila maelezo.

Na hitimisho lisilopendeza? Litakuja. Makala zetu zinazungumzia kuua, kuacha watu wafe, wanyama, mimba, adhabu, na waandishi makini hufika pabaya. Mimi ni mtu wa haki za mtu binafsi. Nadharia ya matokeo, inayopima tendo kwa matokeo yake tu, siipendi tangu nilipokuwa mwanafunzi. Hata hivyo nimependekeza makala kadhaa za nadharia hiyo zichapishwe, kwa sababu mpinzani mwenye hoja safi ananilazimisha kufanya kazi ambayo rafiki yangu hanilazimishi. Kipimo changu ni kama msomaji mwadilifu asiyekubaliana na makala atatoka amejua kitu ambacho hakukijua. Zipo za kukataa bila kusita: makala inayozungumzia kundi la watu kwa kejeli mahali ambapo hoja ilihitajika, au inayojenga hitimisho kali juu ya habari za uongo kuhusu maisha yao. Hapo sababu ya kukataa iko kwenye kazi yenyewe na unaweza kuionyesha kwa ukurasa na mstari.

Kuhusu habari za aina hiyo, mara nyingi makala za maadili ya tiba huegemea madai ya kitabibu au kisheria. Usiyahukumu usiyoyajua. Mwandikie mhariri kwamba sehemu fulani inamhitaji daktari au mwanasheria aitazame.

Kuandika ripoti

Anza kwa aya moja inayoeleza hoja ya makala, kwa namna ambayo mwandishi mwenyewe atasema naam, hiyo ndiyo. Aya hiyo inamwonyesha mhariri kwamba umeelewa, na inamwonyesha mwandishi pale ulipomwelewa vibaya, jambo ambalo nalo linamsaidia. Kisha mapingamizi makubwa, mawili au matatu. Ukiwa na saba, chagua. Baada ya hapo mambo madogo kwa kufuata kurasa.

Linganisha namna mbili za kusema jambo moja kuhusu makala ile ya watoto wawili. Ya kwanza: “Hoja ni dhaifu na mwandishi hajazingatia maandishi muhimu.” Ya pili: “Kauli ya kwanza inaweza kusomwa kwa namna mbili. Ikimaanisha kwamba mtu aliye pembeni hana deni lolote, inahitaji utetezi ambao sikuuona. Ikimaanisha kwamba deni lipo ila gharama inamsamehe, naikubali, lakini hitimisho halifuati, kwa sababu kwa mtoto wa pili gharama ya ziada haipo. Maelezo ya sehemu ya 2 yanaunga mkono maana ya pili. Sehemu ya 4 inahitaji ya kwanza.” Mhariri akiisoma hiyo ya pili anaweza kuamua hata kama hakubaliani nami.

Ikiwa kweli kuna maandishi yaliyosahauliwa, yataje na useme yanabadilisha nini kwenye hoja. Yakiwa ni ya kwako mwenyewe, jiulize mara mbili. Mpitiaji anayedai kazi zake tano zinukuliwe huwa amejitaja jina.

Usimwombe makala nyingine. Ni kishawishi kikubwa, hasa mada ikiwa karibu na yako: unaanza kumwelekeza aandike kile ambacho wewe ungeandika. Makala inaruhusiwa kuwa na dai dogo na kuacha maswali makubwa pembeni mradi iseme hivyo.

Pendekezo lako la mwisho liende kwenye sehemu ya mhariri peke yake. Ukiandika kwa mwandishi “nimependekeza ikubaliwe” na mhariri akaikataa kwa ripoti nyingine, umemwachia mhariri ugomvi usio wake. Mswada wenyewe ni siri: usimpe mwenzako, usiutumie darasani, usiubandike kwenye programu ya akili mnemba ikuandikie muhtasari. Wachapishaji wengi wanalikataza hilo kwa maandishi, na hata pasipo katazo, mwandishi hakukukabidhi kazi yake uipeleke huko.

Lugha isahihishe pale tu inapoficha maana. Mwandishi wa lugha ya pili hahitaji kuambiwa kwamba Kiingereza chake si cha kuzaliwa.

Uamuzi

Kwa kawaida chaguo ni nne: ikubaliwe, marekebisho madogo, irekebishwe na iletwe tena, ikataliwe. Ya tatu ndiyo inayotumiwa vibaya. Watu huichagua kwa adabu, ili wasiseme hapana, na mwandishi anakula nusu mwaka akirekebisha kitu kisichorekebishika. Mimi naichagua nikiwa naweza kuandika orodha fupi ya mambo ambayo yakifanyika nitapendekeza ichapishwe. Nisipoweza kuiandika, naikataa na kueleza kwa upole. Hapana ya mapema inamwachia mtu nafasi ya kupeleka kazi yake kwingine.

Ikirudi baada ya marekebisho, anza na barua ya mwandishi ya majibu, kisha sehemu zilizobadilika, halafu yote. Ipime dhidi ya orodha yako ya kwanza. Pingamizi jipya ambalo ungeweza kulisema mara ya kwanza halina nafasi sasa, labda liwe linaivunja makala kabisa. Mwandishi akikataa ushauri wako na kutoa sababu, ametimiza alichotakiwa, hakuahidi kukutii.

Na ikichapishwa kinyume na ulivyopendekeza, andika makala ya kumjibu na utie jina lako. Ila subiri itoke kwanza. Ulichokisoma kwenye mswada hukitaji kwenye kongamano, hukinukuu, wala humwambii mtu kwamba ulikuwa mpitiaji wake.